Vitabu vya mapenzi ambavyo binti zetu wanasoma: tumevisoma, na haya ndiyo maoni yetu

Juma hili hatutaongea juu ya sabuni wala juu ya likelemba. Tutaongea juu ya vitabu vya mapenzi, na tutasema wazi. Atakayeona haya aendelee kusoma tu, maana nasi tuliona haya mwanzoni.

Jambo hili lilianza darasani. Sisi tunaofundisha Kifaransa tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa nne wa sekondari zoezi jepesi: waandike sentensi tano juu ya mtu anayewapenda. Wengi waliandika juu ya mama, mmoja juu ya bibi yake, mwingine juu ya Mungu. Binti mmoja mwenye akili, ambaye kila mara yuko kati ya wa kwanza, aliandika hivi: "Anayenipenda ananikataza kuongea na wengine. Anaangalia telefone yangu. Akikasirika ananikamata mkono mpaka unauma, kisha analia na kuomba msamaha. Ndipo najua kama ananipenda kweli."

Tulisahihisha makosa ya sarufi kwa biki nyekundu. Yalikuwa mawili tu. Kisha mkono ukasimama, kwa sababu kosa kubwa halikuwa la sarufi. Darasa lilipoisha tulimwita pembeni na kumwuliza kijana huyo ni nani. Akacheka: "Hapana, Madamu, hakuna kijana. Ni ya mu kitabu." Akatuonyesha telefone yake. Ndani yake mlikuwa na vitabu kumi na tisa. Hatukuwa tumesoma hata kimoja.

Tuliona aibu. Tunawakataza watoto kusoma vitu ambavyo hatuvijui, na tunalalamika kwamba vijana wa leo hawasomi, wakati binti huyu alikuwa anasoma usiku kucha. Siku ya posho iliyofuata, baada ya likelemba, tuliwaeleza wamama wenzetu. Tukakubaliana: tutavisoma sisi wenyewe.

Namna tulivyosoma

Tulikutana siku sita za posho. Tulikuwa wamama kumi na mmoja. Wale wanaojua Kifaransa vizuri walisoma kwa sauti na kutafsiri kwa Kiswahili, wengine walisikiliza huku wakichambua maharagi au kufuma. Siku mbili tuliwaalika binti zetu wakubwa waje watetee vitabu vyao, maana si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza.

Tulijifunza kwanza vitabu hivyo vinatoka wapi. Vingine ni vya zamani, vinauzwa chini kando ya barabara, vimepoteza jalada na wakati mwingine kurasa za mwisho. Vingine vinapita toka telefone hadi telefone kwa WhatsApp. Na vingine vinasomwa sura kwa sura kwenye Wattpad, programu iliyoanzishwa Kanada mwaka wa 2006, ambamo mtu yeyote anaweza kuandika hadithi yake na wengine kuisoma bila kulipa. Hakuna mhariri, hakuna mwalimu, hakuna padri. Ndiyo maana vijana wanaipenda, na ndiyo maana mama lazima ajue kwamba ipo.

Kwa kuwa mwalimu hawezi kuacha tabia yake, tulitoa pointi juu ya ishirini kama shuleni. Hizi hapa.

Harlequin: 10 juu ya 20

Tulianza na hivi kwa sababu wengi wetu tulivisoma tukiwa wasichana, tumevificha katikati ya kaye ya jiografia. Kampuni ya Harlequin ilianza Kanada mwaka wa 1949, na vitabu vyake vya Kifaransa vimezunguka Afrika miaka mingi. Tulipovisoma tena tulicheka sana. Bwana ni daktari au tajiri mwenye uso mkali. Bibi ni mzuri lakini hajijui kuwa ni mzuri. Wanagombana mpaka ukurasa wa mia, wanabusiana, anavalishwa pete, mwisho.

Mama mmoja muuza sambaza aliuliza: "Hawa watu wanakula saa ngapi?" Swali lake ni la maana. Katika vitabu hivi hakuna anayepika, hakuna anayelipa minervali, hakuna mama mkwe anayefika bila kuarifu na watoto watatu wa ndugu. Ndoa ni mwisho wa hadithi, kumbe sisi tunajua kwamba ndoa ndiyo mwanzo wake. Havina ubaya mkubwa. Ila vinamzoeza msichana kungoja mtu wa kumwokoa, na anayengoja kuokolewa anachelewa kujifunza kazi.

Adoras: 13 juu ya 20

Mwaka wa 1998, huko Abidjan, watu wa Nouvelles Éditions Ivoiriennes walianzisha mfululizo wa Adoras, vitabu vidogo vya mapenzi vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Afrika. Si vipya tena, lakini bado tulivikuta chini kando ya barabara, na wamama walivipenda mara moja. Msichana wa Adoras ana jina tunaloweza kulitamka. Amesoma, ana kazi, anaishi katika mji wenye joto na foleni ya magari. Familia ipo na inasema neno lake juu ya ndoa. Mambo ya mahari, ya kabila, ya mama mkwe, yote tuliyakuta humo.

Lawama yetu ni moja. Katika vile vitabu vinne tulivyovipata, kila mtu ana gari na nyumba yenye bustani. Maskini anaonekana tu akifungua lango au akileta maji ya kunywa. Binti wa muuza makala angependa siku moja kusoma hadithi ambamo binti wa muuza makala anapendwa, na bado ni binti wa muuza makala mpaka mwisho.

After: 6 juu ya 20

Hiki ndicho kilichokuwa cha kwanza kwenye telefone ya yule mwanafunzi. Anna Todd, mama kijana wa Marekani, alianza kukiandika kwenye Wattpad mwaka wa 2013, sura kwa sura, akimfikiria mwimbaji mmoja wa kundi la Kiingereza. Kikasomwa na watu wengi sana, kikawa kitabu, kisha filamu mwaka wa 2019.

Tessa ni msichana mtulivu anayeanza chuo kikuu. Anakutana na Hardin, kijana mwenye matusi, mlevi, anayemfurahisha leo na kumtukana kesho. Wanaachana, wanarudiana, wanaachana tena. Baadaye tunajua kwamba mwanzoni Hardin alikuwa ameweka kamari na wenzake: kwamba atamvunja ubikira msichana huyo. Na msichana, baada ya kujua, bado anarudi.

Hapo ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja alisema: "Kamari ya namna hiyo ilichezwa juu yangu, hapa hapa muji, na hakuna aliyeiandika kitabu." Hatukumwuliza zaidi. Tulimpa maji ya kunywa, tukapumzika kidogo.

Tutasema ukweli wote: kitabu kinavuta. Tulitaka kuacha na tulifungua sura iliyofuata. Mwandishi anajua kumshika msomaji. Ndiyo maana tunampa sita badala ya sifuri. Lakini anatufundisha kwamba mwanamke akipenda kwa bidii, akilia vya kutosha, atambadilisha mlevi. Wamama, ni wangapi kati yetu waliojaribu kazi hiyo? Na ni wangapi waliolipwa?

Captive: 3 juu ya 20

Kitabu hiki kimeandikwa na mwanamke wa Algeria anayetumia jina la Sarah Rivens. Nacho kilianza Wattpad, kikasomwa mara nyingi mno, na mwaka wa 2022 kikachapishwa Ufaransa. Ni cha aina ambayo vijana wanaiita "mapenzi ya giza". Ella ni msichana aliyeuzwa katika kundi la wahalifu. Asher, mkubwa wa kundi, anapewa msichana huyo kama chombo. Anamchukia, anamtisha, anamtesa. Kisha wanaanza kupendana.

Hapa ndipo binti zetu walipotushinda kidogo. Mmoja, wa miaka kumi na saba, alisimama kwa heshima akasema: "Mama zetu, ninyi munaangalia filamu za Nigeria kila magaribi. Watu wanapewa sumu, wanarogwa, wanauliwa. Je, kuna mmoja wenu aliyempa jirani sumu? Nasi tunajua kama ni hadithi." Wote tulicheka, na tulikubali kwamba ana haki. Msomaji si mtoto mchanga. Mwingine akaongeza kwamba Ella anapita mateso makubwa na hafi moyo, na kwamba jambo hilo linamtia nguvu.

Tulifikiri juu ya jibu lao juma nzima. Hili ndilo letu: filamu ya sumu haisemi kwamba sumu ni upendo. Muuaji ni muuaji toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini kitabu hiki kinachukua mtu anayemtesa msichana na kumfanya awe ndiye bwana arusi. Na sisi hapa mashariki ya Kongo hatuwezi kusoma habari ya msichana aliyechukuliwa kwa nguvu kama watu wa Paris wanavyoisoma. Kwao ni ndoto mbaya ya kuchezea kitandani, taa ikiwashwa inaisha. Kwetu kuna binti waliorudi toka msituni wakiwa na mtoto mgongoni, na tunakaa nao katika vikundi vyetu. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba yule aliyemshika alikuwa mzuri moyoni.

Binti yule alinyamaza. Baadaye alisema: "Hapo sikuwa nimefikiri." Hatukumkataza kitabu. Tulimwachia afikiri.

Nos étoiles contraires: 14 juu ya 20

Tupite haraka. Kitabu hiki cha John Green wa Marekani kilitoka mwaka wa 2012 kwa Kiingereza. Vijana wawili wenye ugonjwa wa kansa wanapendana. Kijana anaongea na msichana kama mtu mwenye akili, anamsikiliza, anamfanya acheke. Tulilia, hata wale waliosema hawalii. Tulichokipenda ni kwamba wazazi wamo ndani ya hadithi, wanaogopa, wanapenda, wanakosea kama sisi. Mtoto wa miaka kumi na nne anaweza kukisoma.

Jamais plus: 15 juu ya 20

Mwandishi ni Colleen Hoover wa Marekani, na kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 2016. Jalada lake lina maua, kwa hiyo wengi wanadhani ni hadithi tamu. Angalieni: ndani mna kipigo, na mna mambo ya kitanda yaliyoelezwa waziwazi. Si cha mtoto mdogo.

Lily anauza maua katika mji wa Boston. Babake alikuwa akimpiga mamake. Anapendana na Ryle, daktari mpasuaji, mtu mzuri, mcheshi, mwenye mshahara. Siku moja Ryle anampiga. Anaomba msamaha. Anampiga tena. Lily, aliyekuwa akimlaumu mamake kwa kubaki, sasa anaelewa kwa nini mamake alibaki, kwa sababu naye anatafuta sababu za kubaki. Anapojifungua mtoto wa kike, anakata shauri: mtoto huyu hatayaona aliyoyaona yeye. Mwandishi amesema kwamba alipata wazo hili katika maisha ya mamake mwenyewe.

Tofauti na After ni hii: hapa mwandishi anatuonyesha mtu mzuri anayepiga, na hatudanganyi kwamba machozi yake yanafuta kipigo. Yule binti wetu angekisoma hiki kwanza, tunafikiri angeandika sentensi nyingine.

Lakini wamama walikuwa na neno. Mmoja alisema: "Huyo Lily ana duka lake na nyumba yake. Mimi nikitoka, nitalala wapi? Watoto nitawapa nini?" Hakuna aliyemjibu haraka. Kweli, kitabu hakijibu swali la mwanamke asiye na kitu. Tulilijibu kidogo sisi wenyewe: ndiyo maana tuna likelemba, ndiyo maana tunawaambia binti zetu wamalize masomo na wajue kazi ya mikono kabla ya ndoa. Pesa kidogo mkononi ni mlango ambao mwanamke anaweza kuufungua mwenyewe. Anayetaka kuongea juu ya jambo hili aje kwetu bila kungoja mkutano.

Les impatientes: 18 juu ya 20

Tulikiacha hiki cha mwisho. Djaïli Amadou Amal ni mwanamke wa kaskazini ya Kameruni. Yeye mwenyewe aliozeshwa akiwa na miaka kumi na saba kwa mwanaume mwenye umri mkubwa. Alitoka, akaandika, na mwaka wa 2012 akaanzisha shirika la kusaidia wasichana wasome. Kitabu chake kilitoka kwanza nyumbani kwake mwaka wa 2017 kwa jina la Munyal, kisha Ufaransa mwaka wa 2020, na mwaka huo huo wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wakakipa tuzo lao la Goncourt. Kumbe vijana nao wanajua kuchagua.

Wanawake watatu wanaongea. Ramla alitaka kuwa mfamasia na kuolewa na kijana aliyempenda. Wanamtoa kwa tajiri wa miaka hamsini. Hindou, dada yake, anatolewa kwa binamu mlevi anayempiga. Safira ni mke wa kwanza wa yule tajiri, anayeletewa Ramla nyumbani kama mke mwenza na kuanza vita. Wote watatu wanaambiwa neno moja, munyal, maana yake vumilia. Baba analisema. Mashangazi wanalisema. Mama naye, huku akilia, analisema.

Tuliposikia neno lile, hatukuhitaji tafsiri. Mama mmoja mzee, ambaye siku zote tano alikuwa kimya akifuma, aliweka nyuzi chini akasema: "Mimi nilimwambia binti yangu hivyo. Alikuja nyumbani mara tatu, uso umevimba. Mara tatu nilimrudisha. Nilimwambia: vumilia, hata mimi nilivumilia. Mara ya nne hakuja tena kwangu. Alikwenda Kinshasa, na hanipigii telefone." Alikuwa hajawahi kulisema mbele ya watu.

Wamama wapendwa, tulikuwa tumekaa pale siku tano tukiwahukumu waandishi wa Marekani na wa Algeria. Siku ya sita kitabu kilituhukumu sisi. Kabla binti yetu hajasoma kwenye telefone kwamba kipigo ni upendo, nani alimwambia mara ya kwanza? Alisikia jikoni. Alisikia arusini, tulipomwimbia bibi arusi avumilie. Wattpad ilikuta shamba limekwisha kulimwa.

Tukumbushane pia sheria, kwa sababu si wote wanaoijua. Katika nchi yetu, tangu Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka wa 2016, umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18, kwa mvulana na kwa msichana sawasawa. Na mtu hawezi kuozeshwa bila mapenzi yake, hata kama mahari imekwisha kupokelewa na mbuzi zimekwisha kuliwa.

Kwa wasiosoma Kifaransa

Baadhi yenu mtasema: haya yote ni ya Kifaransa, nasi je? Katika Kiswahili tuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, iliyotoka mwaka wa 1971. Ilikatazwa mashuleni kwa muda, kisha ikarudi na kufundishwa. Rosa ni binti wa Ukerewe, na baba yake Zakaria ni mkali. Anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa anakwenda masomo mbali akiwa na woga tu wa wanaume, bila mtu aliyemfundisha namna ya kuishi nao. Woga unapoisha, hana kingine cha kumwongoza, na mwisho wake ni wa kuhuzunisha sana. Tunakipendekeza kwa wazazi kabla ya watoto. Kinatuonyesha kwamba fimbo inaweza kuchelewesha jambo, lakini haimfundishi mtoto kuchagua.

Tufanye nini?

Katika kikundi hatukukubaliana yote. Wawili kati yetu bado wanasema telefone ichukuliwe usiku na vitabu vibaya vifutwe. Wana sababu zao na tunawaheshimu. Lakini wengi tuliona kwamba kitabu kilichofutwa kinarudi kesho kwa telefone ya rafiki, na mara hii mtoto hatatuambia.

Zamani shangazi ndiye aliyekuwa akimkalisha msichana chini na kumweleza mambo ya mwili na ya ndoa. Leo shangazi yuko mbali, mama anaona haya, na telefone imekuwa shangazi. Haiulizi msichana ana miaka mingapi, wala haijali atalala namna gani baada ya kusoma. Hatuwezi kuilaumu kwa kuchukua kiti ambacho sisi tumekiacha wazi.

Kwa hiyo tunawashauri haya:

Mwulize mtoto anasoma nini, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, isiwe sauti ya polisi. Mwambie akusimulie. Mama asiyejua kusoma anaweza kufanya hivi vizuri kuliko aliyesoma, kwa sababu mtoto atalazimika kumweleza kila kitu.

Mwulize maswali manne. Huyu kijana akikasirika, anafanya nini? Msichana akisema hapana, hapana yake inasikilizwa? Amepoteza marafiki wangapi tangu ampende huyu? Na kama huyu angekuwa bwana wa dada yako, ungefurahi? Swali la nne ndilo linalofungua kinywa.

Ukikuta ukurasa wa mambo ya kitanda, usipige kelele. Vuta pumzi, kisha sema lililo kweli na lisilo kweli. Mtoto atakuheshimu zaidi.

Usisahau wavulana. Sisi tulisahau. Mpaka siku ya nne hakuna aliyeuliza kama watoto wetu wa kiume nao wanasoma, na wanajifunza nini wanapoona Hardin anasamehewa kila mara. Mwezi ujao tutaanza nao.

Mwisho, tumeamua kununua sanduku la vitabu. Kila mama anatoa franka elfu moja kwa mwezi, na tunanunua vile vya kando ya barabara tulivyokwisha kuvisoma. Sanduku linakaa pale tunapokutania. Kitabu kinatoka siku ya posho, kinarudi siku ya posho, jina linaandikwa ndani ya kaye. Mwenye kitabu asichokitumia atuletee.

Tumalizie na yule mwanafunzi. Tunaandika kwa ruhusa yake na ya mama yake. Tulimwazima Jamais plus. Alikaa nacho juma mbili. Alipokirudisha alisimama mlangoni mpaka wenzake walipotoka, akasema: "Madamu, nilikudanganya. Yuko." Kijana alikuwepo, na mkono ulikuwa na alama ambayo mkono mrefu wa shati ulikuwa umeificha tangu mwanzo.

Tulikwenda naye kwa mama yake siku ile ile. Njiani hakusema neno. Tuliogopa, kwa sababu mama wengi wangeanza na kofi. Huyu mama alikuwa anasonga bugali. Aliondoa sufuria motoni, akasikiliza mpaka mwisho, akamkalisha binti karibu yake. Kisha akamwambia: "Hata mimi nilikuwa nafikiri ni upendo."

Mkutano ujao ni siku ya posho, baada ya likelemba kama kawaida. Njooni na kitabu, au njooni na binti.